Jino la Watu wa Juu

Katika kijiji cha Wainikavou, Setareki aliogopwa kuliko mchungaji, na kilichoogopwa hasa si yeye bali daftari lake. Lilikuwa daftari la shule la jalada la buluu, amelitia ndani ya mfuko wa nailoni na kulichomeka kiunoni kwenye mkanda wa sulu, ile shuka yetu ya kiunoni. Ukivua pasipotakiwa, unaandikwa. Ukikata mti ndani ya hatua mia mbili kutoka ukingo wa mto, unaandikwa. Mwaka mmoja alimwandika shemasi kwa kuchota changarawe ya kujengea choo, na shemasi akaitwa mbele ya kamati ya mto siku ya Jumatatu, ilhali jana yake, Jumapili, alikuwa amesimama kanisani kuhubiri juu ya wizi. Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma, ila walichekea majumbani mwao, maana daftari lilikuwa bado na kurasa nyingi tupu.

Kisa kilichompa jina lakini ni cha wavu wa mkewe. Akosita alikuwa hodari wa kunasa kamba wa mtoni kuliko mwanamke yeyote wa bonde lile, na wavu wake wa mkono aliurithi kwa mama yake. Kanuni ilipokuja kwamba jicho la wavu lisipungue upana wa vidole viwili, Akosita alisema wavu wake haujasoma shule. Siku moja Setareki akamkuta majini pamoja na wenzake, akaingia na sulu yake mpaka mapajani, akaupima wavu kwa vidole mbele ya wanawake wote, kisha akaandika: Akosita, mke wa mlinzi, wavu mdogo. Wavu ukachomwa moto kama kanuni ilivyotaka. Kwa mwezi mzima bwana mkubwa alikula magimbi makavu, bila majani wala tui. Kila alipoulizia mboga, mkewe alimjibu kwamba bado anaipima.

Alikipenda kisa hicho. Mgeni akija, angekaa akingoja mtu akisimulie, na kisiposimuliwa angekichokoza mwenyewe. Mtu mwadilifu akijijua kuwa ni mwadilifu anakuwa tabu kidogo kuishi naye, na Setareki alijijua.

Tusimwonee lakini. Ukali wake ulikuwa na chanzo. Ujanani alikuwa dereva wa tingatinga la watu wa mbao, na miaka mitatu alikokota magogo kupitia katikati ya mto uleule wa Wainiura, matope yakashuka mekundu mpaka baharini. Baba yake alikuwa mvuvi. Mzee alikuja siku moja akasimama ukingoni, akamtazama mwanawe juu ya lile dude, akageuka akaenda zake bila kusema neno, na hakulisema mpaka alipokufa. Kwa hiyo siku koo mbili zenye mto zilipokutana ili kuuweka chini ya ulinzi, mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wa Setareki, na alipoulizwa nani atakubali kuwa mlinzi, alikuwa amekwisha kusimama.

Makubaliano yalikuwa ya kurasa kumi na nne. Ukoo wa Wainikavou ulitia saini kwa upande wa chini, ukoo wa Nadakuivatu kwa upande wa juu, na serikali ikagonga muhuri wake. Kutoka maporomoko mpaka mito inapokutana, hakuna kukata, hakuna kuchimba, hakuna utupa wala sumu nyingine ya samaki. Kidimbwi cha Matanisavu kilifungwa kabisa, masika na kiangazi, kwa kuwa humo ndimo mikunga wazee walimokaa na samaki walimozalia. Na kifungu cha saba, ambacho Setareki alikuwa akikikariri kama Baba Yetu, kilisema kwamba ukoo utakaotia sumu mtoni utapoteza kiti chake katika kamati na walinzi wake watafutwa kazi, kwa muda wa miaka miwili.

Miaka kumi na tisa Matanisavu haikuguswa. Setareki alipita pale kila wiki. Kulikuwa na mkunga mmoja mnene kama paja la mtu mzima, pezi lake limechanika, ambaye alimfahamu tangu zamani na kumsalimia kwa sauti, akishahakikisha hakuna mtu karibu.

Ndipo walipokuja watani.

Watani wa Wainikavou ni watu wa kisiwa cha Yanulala. Mizimu ya huku na mizimu ya kule walikuwa ndugu, hayo ndiyo tunayoambiwa, na kwa sababu hiyo mtu wa Yanulala akija kwetu anachukua atakacho, nasi tukienda kwao tunafanya vivyo hivyo, na mwenyeji kazi yake ni kucheka. Walikuja kwa sherehe ya kuezeka kanisa upya, na aliyewaongoza alikuwa Waisake, mtu wa kitambi na sauti ya tarumbeta, mtani wa Setareki tangu ujana wao. Hata kabla hajakaa alikuwa amekwisha kuvaa kofia ya Setareki. Kufika adhuhuri alikuwa amemchinja nguruwe wake, na jioni aling'oa mihogo yake yote ya mstari wa mbele na kuiacha ile mibaya. Setareki alicheka na kutukana inavyopasa. Nyumba ilikuwa na furaha.

Siku ya tatu, watu wakiwa wamekaa mikekani mchana wakinywa yaqona, kile kinywaji chetu cha kukaribishia wageni, Waisake akaweka kikombe chini.

“Mtani, nguruwe tumemla, mihogo tumeila,” alisema. “Samaki wako umewaweka wapi?”

“Samaki ni wa mto.”

“Na mto wa nani?”

“Wa koo mbili, kwa mujibu wa makubaliano ya...”

“Msikieni karani wa mikunga. Nguruwe katoa, mihogo katoa, lakini samaki kawaficha nyuma ya karatasi. Sisi huko kwetu tulidhani tuna mtani. Kumbe tuna mchoyo mwenye muhuri.”

Nyumba nzima ikaangua kicheko, na wazee wa Setareki mwenyewe wakawa wa kwanza. Mtani unaweza kumwita mbwa, unaweza kumwita maiti, atakurudishia na mtaendelea kunywa. Lakini mchoyo ni neno jingine. Setareki alilisikia likimwingia, akaona watu wakimtazama huku wakicheka, na mtu aliyemwandika shemasi na mkewe akashindwa kustahimili kutazamwa hivyo na watu ishirini wenye vikombe vya yaqona.

“Haya, nendeni,” alisema. “Nendeni Matanisavu mkachukue wa kwenu. Kwa mkuki tu.”

Waisake akainuka na jamaa zake wawili, akachukua kikapu chake kilichokuwa karibu na mlango. Kilikuwa kimefunikwa majani ya magimbi, na alipokinyanyua majani yakasogea. Chini yake kulikuwa na fungu la mizizi ya kahawia, imefungwa kwa ukambaa, imekwisha kupondwa ncha zake. Mtu aliyezaliwa mtoni haulizi hicho ni nini. Utupa una harufu yake.

Setareki aliiona mizizi ile. Hapa hakuna wa kumtetea, na yeye mwenyewe baadaye hakujitetea. Aliiona, akageuza uso kulielekea kanisa, akamwuliza jirani yake yamebaki mabati mangapi.

Asubuhi yake watani waliondoka na gari la abiria wakiimba. Mlangoni pa Setareki waliacha samaki saba waliofungwa kwenye majani, fungu la mwenyeji. Akosita alilitazama fungu lile, akaliruka, akaenda zake shambani. Setareki alipanda mpaka Matanisavu peke yake. Maji yalikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Samaki walikuwa wamegeuza matumbo juu, wakubwa kwa vidagaa, kamba wamejikunja kwenye mchanga, na wengi zaidi wamenasa chini ya mawe ambako hakuna mtani wala mwenyeji ambaye angewala. Yule mkunga wa pezi lililochanika alikuwa ukingoni, nusu majini, mdomo wazi. Setareki alimchimbia shimo kwa mikono. Wengine aliwaacha.

Mto hauwezi kufichwa. Siku mbili baadaye afisa wa hifadhi akafika kutoka mjini, akapiga picha, akakaa kwenye baraza ya Setareki na fomu mapajani. Akauliza ni nani. Setareki akasema hajui. Afisa akauliza basi anadhani ni nani.

Mtani hashtakiwi, hiyo ndiyo sababu Setareki aliyojipa, na ilikuwa sababu nzuri. Lakini afisa hakuwa ameuliza habari za watani. Setareki alichokisema ni kwamba miaka minne nyuma vijana wa Nadakuivatu waliwahi kuponda utupa kwenye kijito chao. Jambo hilo lilikuwa kweli kabisa, lilikuwa ndani ya daftari, ukurasa na tarehe. Afisa akasema basi aandike hivyo, kwamba wanaodhaniwa ni Nadakuivatu. Na Setareki akaandika, kwa mwandiko wake ule mzuri ambao walimu walikuwa wakiusifu.

Siku ya nane watu wa juu walishuka.

Walikuja kwa miguu, wazee sita na wanawake wanne, hawakupiga kelele njiani, na walipofika nyumbani kwa Setareki hawakupita mlango wa mbele. Waliingia kwa mlango wa chini, ule wa upande wa jiko, wakakaa hapohapo karibu na kizingiti kama watu wasiostahili mkeka. Kila aliyewaona alijua wamekuja kuomba radhi. Kwetu mtu akilaumiwa hagombani kwanza. Anachukua jino la nyangumi, anakuja kuinamisha kichwa, na jino likipokewa jambo limekufa na halitajwi tena na mtu.

Sasa lazima iwepo sauti ya kupokea, na katika Wainikavou sauti hiyo hutoka katika nyumba moja tu tangu enzi za mababu. Ni nyumba ya akina Setareki. Alikaa mbele ya wote, juu ya mkeka mpya.

Mzee Nemani, mwenye kiti cha Nadakuivatu katika kamati, akasogea kwa magoti. Alikuwa na miaka zaidi ya sabini na magoti yake yalilia. Jino alilishika kwa mikono miwili, la rangi ya chai, kubwa, la zamani, na kamba yake ya kushikia imesukwa upya kwa safari ile.

“Hatukuja kubishana,” alisema. “Tumesikia mto umetiwa sumu na jina letu limetajwa. Jino hili ni dogo, halilingani na kosa. Tunaomba mtusamehe ninyi, na mto utusamehe.”

Akalisogeza jino mbele. Setareki alijua kwamba wakati ndio ule, hautarudi. Angeweza kusema sipokei. Angeweza kusema maneno matatu tu, sumu niliiruhusu mimi, na mzee yule angenyanyuka kutoka sakafuni. Alifungua kinywa akiwa na nia hiyo, wallahi alikuwa nayo. Lakini mikono ilikwisha kunyooka yenyewe, maana imezoea tangu ujana, na maneno ya baba na babu yakatoka yakiwa yamepangika.

“Nimelishika jino. Limepokewa. Lililotokea limezikwa, na mdomo wowote usilifukue.”

Viganja vya nyumba nzima vikagonga makofi mazito. Setareki naye akagonga. Jino lilikuwa zito kuliko alivyotazamia, na lilikuwa na joto la mikono ya Nemani. Karibu na mlango alikaa Laniana, dada mkubwa wa Nemani, bibi mkavu wa nywele nyeupe. Hakupiga makofi. Alimtazama Setareki jinsi mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyekojolea mkeka kisha akaukalia.

Kama mambo yangeishia hapo yangekuwa mabaya ya kutosha. Lakini Setareki alikuwa pia mwandishi wa kamati, na kamati ilipokaa ilimtaka aandike kwamba Nadakuivatu wameomba radhi. Akaandika. Afisa akausoma mstari ule kwa macho ya mjini: aliyeomba radhi amekiri. Kifungu cha saba kikasomwa. Nemani akapoteza kiti chake. Walinzi wawili wa upande wa juu wakafutwa, mmoja wao Tokasa, mkwe wa Laniana, mjane aliyekuwa akiwalisha wanawe kwa kazi ile. Shuleni watoto wa Nadakuivatu wakaanza kuitwa Utupa. Na Setareki akaletewa zawadi kutoka mjini, koti la mvua la manjano lililoandikwa mgongoni Mlinzi Bora.

Alilivaa mara moja tu. Mvua ilinyesha, akatoka nalo, akafika njia panda ya kanisa, akarudi nyumbani ameloa akiwa amelikunja kwapani.

Tangu siku ile hakuna aliyemsikia akichokoza kisa cha wavu. Jino alikabidhiwa yeye alitunze, akalifunga kwenye kitambaa na kulitia sandukuni chini ya nguo za kanisani, na kwa sababu hiyo kila Jumapili akitafuta shati mkono wake uligusa kile kitu kigumu. Alikonda. Watu walisema ni uchungu wa mto, wakamhurumia, na huruma yao ikamchoma kuliko matusi. Aliwaza mzee yule akitambaa kwa magoti. Aliwaza usiku, aliwaza mchana akipalilia, na mara nyingine aibu ilimjia ghafla shambani akasimama peke yake akisema kwa sauti, “Acha, acha,” kama mtu anayefukuza mbwa.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Miezi mitatu ilipita Akosita asiseme kitu. Mchana mmoja alikuwa akimenya magimbi na Setareki amekaa kizingitini.

“Baba Losena,” alisema, kisu kikiendelea. “Wavu wangu uliuandika.”

“Niliuandika.”

“Kikapu cha Waisake nilikiona mimi pia. Ulivyogeuza uso nikadhani unatafuta daftari.”

Alimaliza gimbi lile akachukua jingine. Setareki akawa anakitazama kisu. Alibaki pale mpaka maji ya magimbi yakachemka. Kesho yake asubuhi akatoa kitambaa sandukuni, akaanza kupanda mto.

Ni mwendo wa nusu siku. Mvua ilimnyeshea njia nzima na koti aliliacha. Alipofika Nadakuivatu alizunguka akaingia kwa mlango wa chini wa nyumba ya Nemani, akakaa kwenye kizingiti, maji yakimdondoka. Nemani alikuwa amelala nyuma ya pazia, mgongo unamsumbua, akakohoa kuonyesha kwamba amesikia mtu, lakini hakutoka. Aliyekuwa ukumbini ni Laniana, akisuka mkeka. Setareki akafungua kitambaa, akalisukuma jino mbele kwa mikono miwili, akainamisha kichwa mpaka paji likagusa sakafu.

“Bibi, nimekuja kwa sababu ya Matanisavu. Kosa...”

“Nyamaza,” alisema Laniana.

“Naomba niseme.”

“Jino lilipokewa. Wewe mwenyewe ulitamka, limezikwa, mdomo wowote usilifukue. Mdomo wako si mdomo? Sisi hatufukui. Wewe ni mtu wa sheria, Setareki, usije kutuvunjia ya kwetu nyumbani kwetu.”

“Lakini hamkufanya.”

“Tunajua.”

Setareki akanyanyua kichwa. Bibi aliendelea kusuka, akamweleza bila haraka kwamba siku ile Tokasa alikuwa kwenye shamba lake la magimbi ng'ambo ya kidimbwi, na kwamba kitambi cha mtu wa Yanulala kinaonekana kutoka mbali, na kofia aliyoivaa ilijulikana ni ya nani.

“Basi kwa nini mlikuja?” aliuliza Setareki. “Kwa nini mlikuja kunipigia magoti?”

Laniana akaweka majani ya mkeka chini.

“Mto ulikuwa umekufa, mwanangu. Lazima mtu auombe radhi. Tulikungoja siku nane. Ulipokuwa huji, tukasema basi twende sisi.”

Nyuma ya pazia Nemani alikohoa tena. Setareki alilia pale sakafuni, mtu mzima wa miaka hamsini na minane, bila kufunika uso. Bibi alimwacha alie. Alipotulia alimwambia kwamba watu wa juu waliijua mila, na kwa mila walishuka na moyo mweupe. Karatasi ndiyo hawakuijua. Hawakujua kwamba kuna mtu angeiandika radhi yao ikageuka kosa.

“Tulichozika sisi kimezikwa,” alisema. “Daftari lako je, nalo umelizika?”

Kisha akalirudisha jino upande wa Setareki kwa ncha ya kidole, akamtaka aondoke nalo kwa sababu zawadi hairudishwi, na akamwita Tokasa amletee mgeni chai na muhogo. Tokasa alileta. Aliweka kikombe kwa adabu, akasema karibu baba, akatoka. Chai ile Setareki aliinywa kama dawa.

Kamati ilipokutana aliomba asome mwenyewe. Alisoma ukurasa wa siku ile aliouandika upya: Setareki, mlinzi, aliona utupa ndani ya kikapu, akaruhusu watu waende Matanisavu, kisha akaandika uongo juu ya Nadakuivatu. Jina la Waisake hakulitia. Mtani hatajwi, na safari hii hakuitumia sababu hiyo kujifichia, maana jina lililobaki kwenye karatasi lilikuwa lake tu. Afisa akamtaka arudie mstari wa mwisho, akidhani amesikia vibaya. Akaurudia. Wazee wa Wainikavou walitazama mikeka, kwa kuwa kila mmoja wao alikuwapo mchana ule na kila mmoja alicheka.

Kifungu cha saba hakichagui. Nemani alirudishiwa kiti na Tokasa kazi yake. Waliopoteza sasa ni Wainikavou, kiti na walinzi, miaka miwili, na Setareki hakuwa mlinzi tena wala mwandishi. Koti la manjano lilirudi mjini. Ukoo wake ulimkasirikia kwa muda, hasa wale waliocheka kwa nguvu zaidi, halafu hasira ikapoa. Hasira ilikuwa nafuu. Kilichofuata kilikuwa kigumu zaidi, nacho ni kwamba kila mtu alimheshimu.

Tokasa akipita mtoni na kumkuta na wavu, alichuchumaa, akapima macho ya wavu kwa vidole viwili, akasema, “Uko sawa, baba,” akaenda zake. Hakuwahi kumtupia neno baya. Watu wa Nadakuivatu walikuwa wamezika, basi walizika kwelikweli, walimsalimia kama hakuna kilichotokea, na Setareki aliyekuwa akitembea na maneno ya kuomba radhi kifuani hakupata mahali pa kuyatua. Angetukanwa na mmoja wao angelala usingizi siku hiyo.

Habari za ukurasa ule zilikwisha kufika Yanulala, na mwaka uliofuata watani walikuja tena kwa harusi. Setareki aliwangoja tangu asubuhi. Alikuwa amefuga nguruwe mwingine makusudi, amepanda mihogo mstari wa mbele, amenunua kofia mpya, akaitundika msumarini nje mahali ambapo kipofu angeiona. Gari likafika. Alisikia kelele za utani nyumba kwa nyumba, kuku wakikimbizwa, wanawake wakipiga vigelegele vya kuibiwa. Alikaa kizingitini akiwa na matusi mazuri aliyoyaandaa wiki nzima.

Waisake alikuja mwisho. Kitambi kilikuwa kimepungua. Alisimama nje, hapo ambapo wageni wasiojulikana husimama, akaitazama kofia msumarini, akaiacha. Mikono aliiweka mbele, mmoja juu ya mwingine.

“Habari za hapa,” alisema kwa sauti ndogo. “Samahani kwa usumbufu. Naomba muhogo mmoja, kama upo.”

Setareki alishika fremu ya mlango.

“Ng'oa wote, mtani,” alisema. “Ng'oa shamba zima, mwizi wewe. Nguruwe yule pale. Kofia ile pale.”

“Asante,” alisema Waisake. “Mmoja utatosha.”